Stima ya Kuazima: Mashua za Likoni na Nyaya za Nchi Kavu

Waya unaowasha taa ya mashua pale Likoni huenda ulianza kazi chini ya lori. Malori yanayotoka Bandari ya Mombasa hupitia Changamwe kuelekea Nairobi, Kampala na Kigali, na kandokando ya njia hiyo, Magongo hadi Miritini, mafundi wa waya wa magari hawakosi kazi. Lori likivunjwa nyaya zake hazitupwi. Hufungwa mafungu, huuzwa kwa kilo au kwa mita, na fungu moja moja huvuka na feri ndani ya kiroba, pamoja na taa mbili za nyuma, swichi ya kuvuta na betri ambayo haina tena ubavu wa kuwasha injini ya dizeli lakini taa bado inaziweza.

Upande wa kaskazini, Kisauni, kuna chimbuko la pili. Nyumba za kupangisha zinaota Mtopanga, Mshomoroni na Bamburi, na kila nyumba ikimalizika hubaki vipande vya waya, tepu nyeusi, swichi za ukutani. Fundi wa stima aliyezoea kupitisha waya ndani ya ukuta ndiye huyo huyo anayepigiwa simu na shemeji yake mvuvi: "Fundi, njoo unitilie taa kidogo, mambo ya fyuzi tutaona baadaye." Akija, hufanya kazi safi. Waya umenyooka, tepu imezungushwa vizuri, taa inawaka siku hiyo hiyo. Bamvua mbili tatu zikipita, taa imekufa na hakuna ajuaye kwa nini.

Wanaowalaumu wavuvi kwa hili husema ni kutojua stima. Mimi naona kinyume. Mashua hizi zimejaa ujuzi wa stima, tena wa aina mbili: wa gari na wa nyumba. Kila mmoja ni sahihi mahali pake. Kasoro huzaliwa pale ujuzi wa nchi kavu unaposhushwa majini bila kubadilishwa chochote, kwa sababu mashua si gari, wala si nyumba, na maji ya chumvi hayamsamehe mtu kwa kuwa fundi hodari kwingineko.

Tuanze na gari. Kwenye gari waya mmoja tu ndio unaokwenda kwenye taa. Stima hurudi betrini kupitia bodi lenyewe, kwa kuwa upande wa hasi wa betri umefungwa kwenye chesisi. Ndiyo maana fundi wa magari hutumia nusu ya waya, hutafuta boliti iliyo karibu, hukwangua rangi, hufunga ethi yake, na kazi imekwisha. Ndani ya mashua ya mbao au ya faiba hakuna chesisi. Mkono uliozoea huanza kutafuta chuma chochote: boliti ya kushikia mashine tezini, msumari mrefu uliopenya taruma, bomba la chuma la kusimamishia turubai. Mara nyingine taa huwaka kweli, maana mbao iliyolowa chumvi na vyuma vinavyogusana hupitisha stima kiasi fulani. Kuwaka huko ndiko hatari yenyewe. Stima sasa inatembea mahali isipotakiwa, na chuma kinachogusa maji kikiwa upande wa chanya huliwa kwa majuma badala ya miaka. Mwenye mashua huona boliti imegeuka sindano na kusema bahari imeila. Bahari ilisaidiwa.

Kwa hiyo taa ya mashua inataka nyaya mbili kamili, wa kwenda na wa kurudi, mpaka betrini. Hakuna njia ya mkato, na chuma cha mashine kisiwe njia ya taa za mashua hata siku moja.

Lori lina jambo lake jingine. Malori makubwa hutumia volti 24, ilhali mashua ndogo hutumia volti 12. Balbu ya uzi ya volti 24 ikitiwa kwenye betri ya mashua hula nguvu kama theluthi tu ya ile iliyoandikwa, na mwanga wake hupungua zaidi ya hapo, ukabaki mwekundu. Baharia akiuona hudhani betri imekwisha, akanunua betri nyingine bure. Taa za kisasa za LED nyingi hukubali kuanzia volti 10 hadi 30, nazo zimewaokoa wengi bila wao kujua. Lakini si zote. Maandishi madogo mgongoni mwa taa yanafaa kusomwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Nyumba nayo ina mazoea yake. Waya wa nyumba aghalabu ni uzi mmoja mnene wa shaba. Ndani ya ukuta hausogei miaka thelathini, na uimara huo ni sifa. Juu ya mashua yenye mashine ya nguvu za farasi 15, inayotetemeka saa sita mfululizo na kugonga kila wimbi la kusi, uzi mnene huchoka na kukatika ndani kwa ndani, huku ngozi yake ya plastiki ikiwa nzima. Kwa macho waya ni mzima. Ukiushika na kuupinda, taa inawaka, ukiuachia, inazima. Waya wa mashua uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, ule unaolegea mkononi. Bora zaidi uwe ule ambao nyuzi zake zimepakwa bati, zinazong'aa rangi ya fedha badala ya shaba. Huo ni ghali na haupatikani kila duka, lakini siku hizi hata wauzaji wa vifaa vya sola huwa nao, kwa kuwa nyaya za paneli nyingi hutengenezwa hivyo.

Kuna na waya wa ulaghai, ambao haukuanzia Kisauni wala Changamwe bali kiwandani kwao. Ni alumini iliyopakwa shaba nje. Dukani unapendeza, bei yake inapendeza zaidi. Alumini hiyo hupitisha stima kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba halisi, na chumvi ikiifikia hugeuka unga mweupe. Mtihani wake ni wembe: kwangua uzi mmoja, ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha.

Sasa tukaribie tuone chumvi inavyofanya kazi. Chukua kiungo kimoja cha waya kilichokaa mwaka mzima chini ya ubao wa tezi, kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu nyeusi. Tepu yenyewe imelegea, gundi yake imekuwa uji kwa joto la Mombasa. Ukiifungua, nyuzi za shaba zimekuwa kijani. Hilo hakuna asiyelijua. Wengi wasichokijua ni kwamba ukichuna ngozi ya waya kurudi nyuma, sentimita tano, kumi, hata ishirini kutoka kwenye kiungo, nyuzi ni nyeusi na zinavunjika kama nywele kavu. Maji ya chumvi hupanda katikati ya nyuzi, chini ya plastiki, na tepu iliyowekwa kuzuia maji ndiyo inayoyafungia humo yasikauke. Kukata kipande kilichooza na kusokota upya huku nyuma hakutibu kitu. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, na kama hungʼamui ilikoanzia, toa waya wote.

Kiungo cha mashua hubanwa kwa koleo lake ndani ya lagi ya shaba iliyopakwa bati, kikavikwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Mafundi wengi huona kulehemu ndiyo heshima ya kazi. Nyumbani ndani ya redio ni kweli. Kwenye mashua, risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu pale ilipoishia, na mtetemo huukata hapo hapo. Anayelehemu na abane kwanza.

Ikiwa kuna hesabu moja ambayo ningependa iandikwe kwa rangi kwenye kila banda la wavuvi, ni hii. Mashua ina mita saba. Betri iko tezi, karibu na mashine. Taa ya kuvutia samaki ya wati 60 iko omo. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Stima inakwenda mita saba na kurudi mita saba, jumla mita 14. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, karibu volti 0.85 hupotea njiani. Waya wa 2.5 hupoteza kama nusu volti. Waya wa 4 hupoteza theluthi ya volti. Taa hiyo hiyo ya wati 60 nyumbani, kwa volti 240, huvuta robo ampea tu, na waya ule ule wa 1.5 ukapoteza kiasi ambacho hakuna jicho litakaloliona. Fundi wa stima basi hakukosea kwa mazoea yake. Amebeba waya uliomtumikia vyema kwenye volti 240 akauleta kwenye volti 12, ambako kila ampea ni mzigo mara ishirini.

Baraza la Marekani linaloandika viwango vya vyombo vidogo, American Boat and Yacht Council, linataka taa za kuongozea chombo na redio zisipoteze zaidi ya asilimia 3, yaani volti 0.36 kwa betri ya volti 12. Vifaa visivyo vya lazima vinaachiwa mpaka asilimia 10. Kwa mashua yetu ya mita saba, waya wa milimita 4 peke yake ndio unaopita mtihani wa kwanza. Si sheria ya Kenya, lakini fizikia haina uraia.

Redio ndiyo inayoumbuka zaidi. Mashua chache za hapa zina redio ya VHF, na zilizo nayo husema inafanya kazi kwa sababu wanasikia meli zikiongea na bandari. Kusikiliza hakuhitaji hata nusu ampea. Ukibonyeza kuongea, redio ya wati 25 huvuta ampea tano au sita kwa ghafla, volti zinaporomoka kwenye waya mwembamba, na sauti haitoki au inatoka dhaifu. Pale Mombasa pana kituo cha kuratibu uokoaji baharini, kilichozinduliwa mwaka 2006, kinachohudumia pwani hii na ya majirani. Chaneli ya dharura ni 16. Mtu anaweza kukaa miaka na redio inayosikia tu, asijue kuwa ni bubu mpaka usiku wa shida.

Fyuzi. Neno lenyewe huchosha masikio ya wavuvi, kwa kuwa kwao fyuzi ni kile kidude kinachokatika katikati ya kazi. Hivyo hufungwa kwa uzi wa shaba, au kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na safari ikaendelea. Ieleweke kwamba fyuzi hailindi taa. Inalinda waya, na kwa hiyo inalinda mashua. Betri ya gari, chanya yake ikigusana na hasi, humwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba huwa mwekundu kabla mtu hajasema salaa. Kwa sababu hiyo baraza lile lile linataka fyuzi ikae ndani ya takriban sentimita 18 kutoka kwenye nguzo ya chanya ya betri. Mashua nyingi zenye fyuzi huwa nayo karibu na swichi, omo, mahali pa kufikika kwa urahisi. Mita saba zote za waya kabla ya hapo ziko uchi, na huko ndiko waya unakosuguana na taruma, nanga na miguu ya watu. Kwa waya wa 2.5 fyuzi ya ampea 15 inatosha, kwa 1.5 ampea 10.

Na karibu na betri hiyo ndipo lilipo jerikeni la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai. Hutelemka ukakaa ngamani na kungoja. Kwenye mtumbwi ulio wazi upepo huufagia, lakini kwenye boti yenye feuli iliyofunikwa hukusanyika. Betri nayo ikichajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, na maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri ya asidi hutoka klorini, hewa inayochoma mapafu. Sanduku la betri lifungwe kwa mkanda lisiteleze, liwe na kifuniko kinachozuia mawimbi na tundu la kutolea hewa juu, likae mbali na petroli kadiri chombo kinavyoruhusu. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ikitobolewa vizuri, hufaa. Sijaona sababu ya kumdharau mtu kwa ndoo.

Ya nini basi stima yote hii, ilhali mababu walivua bila waya? Walivua na moto. Mwenge kwanza, kisha karabai, taa ya mafuta ya taa ya kupiga pampu, iliyotawala uvuvi wa usiku toka pwani hii hadi Unguja na Ziwa Viktoria. Dagaa, simu, vibua na ngisi hufuata mwanga penye giza, ndiyo maana kazi hiyo husimama mbalamwezi ikijaa. Karabai iliuawa na bei. Mwezi Septemba 2018 serikali ya Kenya iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili watu wasiyachanganye na dizeli, na mvuvi aliyekuwa hachanganyi chochote akalipa vilevile. Wengine wakahamia jenereta ndogo za petroli. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye petroli ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Taa za LED zikawa zimeshuka bei wakati huo, na betri ikawa hesabu inayoingia akilini: kila bei ya mafuta ilipopanda, waya mmoja zaidi uliingia ndani ya mashua.

Jenereta haijaondoka, na hapo sina utani. Betri ya volti 12 itakuunguza au itachoma chombo, lakini ni nadra kumuua mtu kwa kumshika. Volti 240 juu ya mbao zilizolowa, mbele ya mtu aliyelowa, miguu peku, ni jambo jingine. Jenereta ndogo nyingi hazina ethi. Kosa la kwanza la waya halimtendi mtu kitu, na ukimya huo humfanya adhani mambo ni salama. Kosa la pili ndilo linalopitia kifuani. Kifaa cha kukata stima inapovuja, kile cha miliampea 30 kinachofungwa kwenye nyumba mpya za Nyali, hufanya kazi pia juu ya maji, mradi fundi anayekifunga ajue kukiunganisha na jenereta isiyo na ethi. Zipo na rangi za kuangalia. Nyumba nyingi za zamani zina waya mwekundu wa moto na mweusi wa kurudi. Betri nayo ina mwekundu wa chanya na mweusi wa hasi. Mashua yenye jenereta na betri pamoja, zikiwa na nyaya za rangi zile zile, ni mtego kwa mtu anayetafuta hitilafu usiku kwa tochi ya simu. Wamarekani hupendekeza hasi ya betri iwe njano kwa sababu hiyo hiyo. Ni pendekezo la bure kabisa, na sielewi kwa nini halijaenea.

Kule Mbita, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, walijaribu kulikwepa suala la waya lenyewe. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilianzisha kituo ambacho wavuvi wa omena walikodi taa na betri zilizochajiwa kwa jua, wakazirudisha asubuhi. Hakuna kufunga, hakuna kukata, hakuna fundi. Wazo zuri kwa taa moja ya kuelea ziwani. Kwa mashua ya Likoni yenye pampu ya ngama, taa za kuongozea na pengine kifaa cha GPS, hata hivyo, waya haukwepeki.

Jua lenyewe Mombasa halina uhaba. Hesabu kama saa tano za jua kamili kwa siku. Paneli ya wati 50 itakupa chini ya wati-saa 250, tena ukitoa hasara, na taa ya wati 60 kwa saa sita hula 360. Haitoshi. Paneli ya wati 100 ndiyo inayokaribiana na kazi hiyo, pamoja na betri ya ampea-saa 70, kwa kuwa betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila usiku haimalizi mwaka. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7, ikisoma 12.2 umefika nusu. Betri za lithiamu huvumilia kushushwa zaidi, ila chaja yake si ile ya betri ya gari.

Kuna na taa ambazo si za samaki. Mlango wa Kilindini ni mwembamba, na mashua za Likoni na Mtongwe huupitia meli za kontena zenye urefu wa zaidi ya mita 200 zikiingia. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977, zinasema chombo cha mashine chenye urefu wa chini ya mita saba na kisichokwenda zaidi ya noti saba kinaweza kutosheka na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Kikubwa zaidi kiongeze nyekundu kushoto na kijani kulia. Mtumbwi wa kupiga kafi au dau dogo la tanga huruhusiwa hata tochi, mradi imulikwe mapema. Kwa hiyo si kila mvuvi anahitaji waya, na fundi mkweli atamwambia hivyo.

Taa za kuvutia samaki zimeleta kichekesho chake. Kanuni hizo hizo zinakataza mwanga mwingine unaoweza kuchanganywa na taa za chombo au kuzifunika. Mashua yenye LED nne kali huonekana maili nyingi, lakini hakuna nahodha wa meli anayeweza kusema imeelekea wapi, maana nyekundu na kijani zimemezwa. Na ile taa ya kijani inayozamishwa majini kwa ajili ya ngisi inaweza kusomwa na aliye mbali kuwa ubavu wa kulia wa chombo. Swichi mbili tofauti, moja ya taa za kazi na moja ya taa za safari, huondoa shida hiyo. Katikati ya mlango wa bandari, taa za kazi zizimwe. Na hata hivyo taa si ngao: sheria za kimataifa huruhusu sehemu isiyoonekana mbele ya meli kubwa ifike urefu wa meli mara mbili au mita 500, kilicho kidogo. Aliye ndani ya eneo hilo anaweza kuwaka vipi, anayeongoza meli hamwoni.

KMA, mamlaka ya usalama wa vyombo vya majini iliyoundwa mwaka 2004, hukagua vyombo vidogo, na vikundi vya BMU vinasimamia fukwe. Ningependa siku moja ukaguzi uanze kwa kufungua sanduku la betri kabla ya kuhesabu jaketi za kuokolea. Dakika mbili zinatosha kujua mengi: fyuzi iko wapi, nyaya zinaingilia wapi, nguzo zina grisi au zina unga.

Nguzo hizo zina taabu yake ya kipekee pwani hii. Betri huibwa. Wengi hawaiachi ufukweni. Huibeba nyumbani kila asubuhi, mara nyingi kwa bodaboda, imelazwa ubavu, asidi ikidondoka kwenye kisigino cha dereva. Kila siku vibanio hufunguliwa kwa koleo na kufungwa tena, mpaka risasi ya nguzo inalika na kibanio kinacheza. Kibanio kinachocheza hutoa cheche. Plagi kubwa ya kuchomoa, iliyofungwa mara moja kwenye nyaya fupi za betri, pamoja na fyuzi yake, humaliza jambo hilo, nguzo zisiguswe tena mpaka betri ife.

Nani anainunua plagi hiyo? Hapa ndipo kiini cha kero, na hakipo kwenye shaba. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama za safari: petroli, barafu, chambo, chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, fungu la chombo na mashine kwa mwenye mali, mafungu mengine kwa nahodha na mabaharia. Waya haumo kwenye gharama za safari. Si kitu kinacholiwa kwa siku moja, kwa hiyo mabaharia husema ni juu ya mwenye mashua. Mwenye mashua halali baharini. Kwake taa inayowaka akiwa pwani ni taa nzima. Katikati ya wawili hao hukaa tepu nyeusi na waya wa kuokota, kwa sababu ndivyo pekee ambavyo baharia anaweza kuvitoa mfukoni mwake bila kuomba.

Bandari moja ya wavuvi ikikubaliana kukata kiasi kidogo kila giza kabla ya mgao, pamoja na barafu, BMU inaweza kununua koleo moja la kubania lagi, mita moja ya kupimia volti, na waya kwa jumla badala ya kwa mita. Roli mbili za mita 100 za waya wa nyuzi nyingi wa milimita 4, moja nyekundu na moja njano, zinatosha taa ya omo kwa mashua 14 za mita saba, na hubaki mita mbili za kila rangi.